Mwanafunzi wa stima, wapajua Macalder?

UKITOKA Nairobi kwa basi la usiku kupitia Narok, Bomet na Kisii, yamkini kutakukuchia kwenye mashamba ya miwa ya Awendo. Muda si muda utakuwa Migori mjini. Hapo abiria wengi huendelea na barabara kuu hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Wewe shuka, unywe chai, kisha utafute matatu ya kuelekea upande wa Ziwa Victoria. Nchi inazidi kuteremka na jua linazidi kuwa kali. Miwa inakwisha, miti ya miiba inaanza, na ng'ombe wanakatiza barabara bila haraka yoyote. Ukimsikia kondakta akiita "Makalda! Makalda!" jua umefika.

Macalder ni mji mdogo, ndio makao ya utawala wa Nyatike katika Kaunti ya Migori. Mgeni asiyeambiwa kitu anaweza kuupita akidhani ni soko kama masoko mengine: maduka ya mabati, vijana wa bodaboda chini ya mti, samaki wakavu kutoka ziwani, ndizi zilizoteremshwa kutoka Kisii. Lakini sikiliza. Kuna ngurumo, kama mashine ya posho iliyokosa mahindi ikapewa kokoto. Na ndivyo ilivyo hasa. Vinu hivyo vinasaga mawe, na ndani ya mawe kuna dhahabu.

Dhahabu ya sehemu hii ilianza kuandamwa na makampuni katika miaka ya 1930, wakati Wazungu walipokuwa wakimiminika Kakamega na Nyanza Kusini kutafuta utajiri. Macalder ilikuwa na ziada: chini kulikuwa na shaba. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la serikali ya Uingereza likatia mkono, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 shaba ikawa inatolewa hapa, pamoja na dhahabu, hadi mgodi ulipofungwa mwaka wa 1966.

Mgodi wa namna ile hauendeshwi kwa sururu peke yake. Unahitaji pampu za kunyonya maji mashimoni, vinu, winchi na taa za chini kwa chini. Je, stima ingetoka wapi, na siku hizo nguzo hazijafika huku? Jibu lilikuwa mtoni. Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, hutoka milima yao yenye mvua nyingi ukateremka hadi ziwani. Penye maporomoko ya Gogo, mwishoni mwa miaka ya 1950, ulijengewa bwawa, na maji yake yakapewa kazi ya kuzungusha mitambo yenye uwezo wa jumla wa megawati 2.

Mgodi ulipokufa, kituo hakikufa. Kiliishi, kikaingizwa katika gridi ya taifa, na hadi leo kimo katika orodha ya vituo vidogo vya kampuni ya KenGen, pamoja na ndugu zake wazee kama Tana, Wanjii na Sagana.

Hebu msomaji tafakari kidogo. Shaba ndiyo damu ya stima. Pasua mota, pasua transfoma, chuna waya wa ukutani, utaikuta. Ardhi ya Macalder ilitoa shaba, na mto wake ukatoa nguvu za kuichimbia shaba hiyo. Hata hivyo, katika vijiji vingi vya kandokando, mtoto aliendelea kusoma kwa koroboi miaka mingi baada ya Uhuru. Mradi mkubwa wa serikali wa kuziunganishia stima nyumba zilizo karibu na transfoma ulizinduliwa mwaka wa 2015. Na kama kwamba hayo hayatoshi, siku hizi katika sehemu mbalimbali za nchi wezi huishusha transfoma mzima kutoka kwenye nguzo, wakauza mafuta yake na kung'oa shaba iliyo ndani.

Sasa haya yanamhusu nini kijana wako aliye Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi, Jomo Kenyatta au Dedan Kimathi akisomea uhandisi wa umeme? Yanamhusu sana, hasa akiwa anaukaribia mwaka wa tano.

Shahada hiyo hapa Kenya ni ya miaka mitano, na mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hufanya mradi wake mwenyewe na kuutetea mbele ya wahadhiri. Tembelea maonyesho ya miradi hiyo uone. Kuna taa za barabarani za kuigiza, mlango unaofunguka kwa kidole, kifaa cha kunyweshea maua wenyewe wakiwa safarini. Vipuri vimenunuliwa Luthuli Avenue, vikaunganishwa usiku wa kuamkia siku ya kutahiniwa, vikawaka mara moja, vikapigiwa makofi na kutiwa kabatini. Sivikejeli. Kijana amejifunza kuunganisha nyaya, na hilo si haba. Lakini tuseme kweli: jibu la swali lake lilijulikana kabla hajaanza. Utafiti huanza pale ambapo hata mhadhiri hajui jibu, na maswali ya aina hiyo hayapatikani kwa wingi Luthuli Avenue. Macalder yamejaa.

Kwingineko duniani jambo la kumpa utafiti wa kweli mwanafunzi ambaye hajapata hata shahada ya kwanza si geni. Chuo cha MIT huko Marekani kilianza mpango wake mwaka wa 1969 chini ya mwanafizikia Margaret MacVicar, wanafunzi wakawa wanaingia maabara za maprofesa kama wenzao wadogo. Wala hatuna haja ya kuvuka bahari. Jirani zetu wa Makerere walianza na wanafunzi na wahadhiri wao, na mnamo Novemba 2011 likazinduliwa Kampala gari dogo la watu wawili linalokwenda kwa betri, likaitwa Kiira EV. Mwaka wa 2016 likafuata basi la Kayoola lenye paneli za jua juu ya paa. Kutokana na kazi hiyo ya chuoni ilizaliwa kampuni ya Kiira Motors. Wako waliocheka mwaka ule wa 2011. Mimi nawaonea wivu wale wanafunzi.

Turudi Gogo. Wanafunzi wetu wakipelekwa ziara ya kituo cha umeme, aghalabu hupelekwa kuona vikubwa: Gitaru yenye megawati 225, Olkaria kwenye mvuke wa ardhini, au Sondu Miriu yenye megawati 60. Huko hupewa kofia ngumu, wakapigwa picha, wakarudi na mshangao. Megawati 2 za Gogo si kitu mbele ya taifa linalotumia zaidi ya megawati 2,000 saa za jioni. Ni sehemu moja kati ya elfu. Lakini udogo huo ndio uzuri wake. Kituo kikubwa mwanafunzi hukitazama; kituo kidogo mtu mmoja anaweza kukielewa chote, tangu maji yanapoingia hadi waya unapotoka.

Hesabu yake ya kwanza ni nyepesi. Tani moja ya maji ikianguka mita moja kila sekunde hubeba nguvu ya takriban kilowati 10. Tuseme maji yanaanguka mita 20, na mitambo inapoteza sehemu moja katika kila tano. Basi megawati 2 zitahitaji kama tani 13 za maji kila sekunde. (Mwandishi huyu aliagana na fizikia kidato cha nne, na hesabu hii aliiweza.) Ugumu unaanza pale mto unapokataa kutii hesabu. Kuja hubeba udongo wa vilima vinavyolimwa hadi kileleni, na bwawa la Gogo limejaa matope kwa miaka na miaka. Bwawa lililojaa matope haliwezi kuweka akiba ya maji ya masika yatumike kiangazi. Linaupisha mto tu. Mchanga nao hula vyuma vya mitambo kama mswaki ulavyo fizi. Je, ni kilowati ngapi zinapotea kwa mwaka kwa sababu ya shamba lililomomonyoka huko juu? Mwanafunzi mwenye rekodi za mvua, rekodi za mto na rekodi za uzalishaji anaweza kukaa nazo muhula mzima akatoka na jibu ambalo mkulima, KenGen na kaunti wote wangetaka kulisoma. KenGen imewahi kutangaza mipango ya kukijenga upya kituo hicho kitoe umeme mwingi zaidi. Swali hilo basi si la kitabuni.

Nidokeze kwamba maporomoko yale wasomi wengine waliyagundua zamani. Katika miaka ya 1980 wanaakiolojia, akiwamo Peter Robertshaw na baadaye Mkenya Karega-Munene, walichimba hapo Gogo wakakuta vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na ya mifugo, ishara za watu waliovua, kuwinda na kufuga pande hizi miaka elfu mbili na zaidi iliyopita. Mwanajiolojia Robert Shackleton alikwisha kuandika ripoti ya mawe ya ukanda wa dhahabu wa Migori mwaka wa 1946. Mwaka wa 2002 ulichapishwa utafiti wa Ogola, Mitullah na Omulo juu ya madhara ya uchimbaji kwa mazingira na afya, kwa kuwa hapa dhahabu hukamatwa kwa zebaki, nayo zebaki ni sumu. Mtu wa mawe amekuja, wa vigae amekuja, wa afya amekuja. Huyu wa stima anangoja nini?

Aanzie kwenye vile vinu. Kinu cha kusaga mawe huzungushwa na mota, na mota ina tabia ambayo kila fundi anaijua: inapoamka hunyonya mkondo mara tano hata saba ya ule inaotumia ikishatulia. Ndiyo maana kinu kikiwashwa, taa ya kinyozi wa jirani hufifia na redio ikanong'ona. Waya mrefu kutoka kwenye transfoma huzidisha taabu, kwani mkondo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopotelea njiani huongezeka mara nne. Mwenye nyumba anayetarajia volti 240 anapata ngapi saa nne asubuhi vinu vyote vikivuma? Friji ya dawa katika zahanati, je? Kifaa cha kurekodi volti kila dakika, mwanafunzi anaweza kukiunda mwenyewe. Hapo ndipo vile vipuri vya Luthuli Avenue vitakapopata kazi ya maana.

Kisha kuna lile jambo ambalo wahandisi huliita kipengele cha nguvu, na ambalo wanafunzi wengi hulikariri tu. Mtu aliyelelewa na ng'ombe atalielewa upesi. Ukikamua, kikombe hujaa hadi ukingoni, lakini juu ni povu. Maziwa yenyewe yako chini. Mota hudai kikombe kizima, povu pamoja na maziwa, na waya hauna budi kuvibeba vyote viwili. Kapasita zikifungwa karibu na mota hulipunguza lile povu, na waya ukapata nafasi ya kubeba maziwa zaidi. Ni kapasita zipi zinazofaa kinu cha Macalder, ambacho mzigo wake hubadilika kila jiwe linapoangukia ndani? Zinagharimu nini ukilinganisha na wanachookoa wenye vinu? Hapo pana mradi wa mwaka wa tano ulio kamili, na aliyeufanya hatababaika mbele ya mwajiri.

Lakini kama ningekuwa na mtoto anayesomea fani hii, ningemsihi alifuate swali la mashimoni kabla ya yote. Wachimbaji wadogo huteremka futi nyingi kwenye mashimo waliyoyachimba wenyewe, na chini kuna maji. Mahali penye maji hutakiwa pampu, penye giza hutakiwa taa, na vyote viwili hutaka waya. Waya huo huburutwa kwenye mawe makali, hukanyagwa, huungwa kwa utepe na kuning'inia juu ya watu waliolowa jasho, miguu yao ikiwa majini. Kukata stima kabla haijamuua mtu kunawezekana: kuna swichi za usalama zinazoizima kwa sehemu ndogo ya sekunde mkondo unapovuja kwa kiasi kidogo kama miliampea 30. Nyumba nyingi mpya za Nairobi zinazo. Je, swichi hiyo itastahimili vumbi, unyevu na mtikisiko wa shimo? Waya wa ardhi utashika vizuri katika udongo mkavu wa Nyatike wakati wa kiangazi? Na kifaa chote kinaweza kutengenezwa kwa bei ambayo kundi la vijana kumi wanaochangia shimo moja wataimudu? Sidhani kwamba maswali haya yanangoja mtu mwenye shahada ya uzamifu. Yanangoja mtu mwenye subira, mita nzuri na viatu vya mpira.

Na wale wa elektroniki wasijione wametengwa. Mto Kuja ukifika chini karibu na ziwa hufurika na kuzamisha mashamba na nyumba za watu wa Nyatike; ulivunja kingo katika mvua za mwaka wa 2020, na haikuwa mara ya kwanza. Maji hayo yametoka milimani, kwa hiyo yanaweza kuonekana yakija. Kipima-maji kinachotumia betri na paneli ndogo, kikafungwa mtoni huko juu na kupeleka ujumbe kwa simu za walio chini, si ndoto. Kazi iko katika kuhakikisha kwamba hakilali usingizi usiku ambao kinahitajika, na kwamba hakiwaamshi watu bure mara tatu hata mara ya nne wakikipuuza.

Wazazi watauliza: milango hufunguliwa vipi? Uhandisi una mafunzo ya viwandani ya lazima, na wanafunzi wengi hukimbilia ofisi za Nairobi kwa kuwa ndiko kuna shangazi wa kulala kwake. Maombi ya kwenda KenGen au Kenya Power hupelekwa pamoja na barua ya chuo, na anayeomba mapema akitaja kituo asichokigombania mtu anajirahisishia mambo. Anayekusudia kufanya utafiti ahakikishe kwamba kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi kimeshughulikiwa kupitia chuo chake, kisha ajitambulishe kwa chifu na kwa wenye mashimo. Fedha za utafiti za serikali kwa kawaida huwalenga wenye shahada za juu. Kwa hiyo njia fupi ni kumtafuta mhadhiri mwenye mradi na kujibanza chini ya bawa lake. Wawili wakifuatana, mmoja wa umeme na mmoja wa ujenzi au wa mazingira, kodi ya chumba hugawanyika, na swali la matope ya Gogo hupata macho manne.

Kuna adabu zake pia. Usifungue kisanduku cha stima cha mtu bila ruhusa ya mwenyewe, na usishike chochote cha Kenya Power bila kuwa na fundi wao. Usimtishe mwenye kinu kwamba umetumwa kuchunguza bili yake, maana hutapata kipimo kingine mji mzima. Watu wa hapa wameshazoea wageni wenye daftari wanaouliza maswali, wakaandika, wakaondoka wasionekane tena. Matokeo yako yakikamilika, acha nakala kwa wenye vinu, iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kijaluo chepesi, ikiwa na mchoro wa mahali pa kufunga kapasita na jina la duka zinakouzwa.

Nenda na kofia pana na chupa ya maji. Vipimo vyako vya kwanza vichukue alfajiri kabla vinu havijaamka, ndipo utakuwa na cha kulinganisha mchana. Na kama utafika msimu wa mvua ndefu, uliza sokoni kama ningu wamepanda mto Kuja. Huliwa kwa kuon, yaani ugali, na mchuzi wake haupatikani Nairobi kwa bei yoyote.